Kitenge Chini ya Kichwa

Imelda wa Ihanda alikuwa mwoga, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Aliogopa radi, aliogopa pikipiki, aliogopa nyoka hata wa kusimuliwa, na kupita vyote hivyo alimwogopa wifi yake, Ruti. Akipanda bodaboda kwenda mnadani hufumba macho tangu injini inawashwa mpaka inazimwa. Vijana wa kijiweni walimjua. Walikuwa wanamwambia, "Mama Witness, fumbua macho, tumefika," kumbe pikipiki hata haijaondoka. Akifumbua na kujiona yuko palepale, wao hoi kwa kicheko, naye anacheka nao. Hakuwa mtu wa kinyongo. Woga wake ulikuwa kama kimo chake, kitu alichozaliwa nacho, na hakuna anayeomba radhi kwa kuwa mfupi.

Mumewe, Osea, aliumbwa kwa udongo mwingine. Huyo angeua nyoka kwa mpini wa jembe huku anaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia, asikose hata neno. Alizoea kumwambia mkewe, "Wewe ungekuwa askari, nchi hii ingeshatekwa zamani." Na Imelda alikuwa na jibu lake, lilelile kila mara: "Kwa mwoga huenda kicheko, Baba Witness, kwa shujaa huenda kilio." Osea alicheka, akaomba chai. Waliishi hivyo miaka mingi, na kahawa yao ilizaa.

Mwaka huo wadudu waliingia shambani. Osea akashuka Tunduma kumsalimia binti yao, Witness, anayeuza vitenge karibu na mpaka, akarudi na dawa ndani ya chupa ya soda. Haikuwa na karatasi wala jina. Aliyemuuzia aliapa kwamba wakulima wa upande wa pili hawatumii nyingine. "Hii mdudu akiisikia harufu tu, kwisha habari yake," Osea alijisifu, kana kwamba ameipika mwenyewe. Imelda aliiangalia ile chupa ikiwa juu ya kabati, akaihamishia nje, nyuma ya banda la kuku, kisha akawahurumia kuku akaihamisha tena.

Asubuhi ya kupulizia alimwomba mumewe avae glavu, afunge kitambaa usoni. Osea akamwuliza kama anaenda kupulizia kahawa au kumfanyia mtu upasuaji. Akabeba bomba la dawa mgongoni. Lilikuwa linavuja, shati likalowa, naye hakujali. Imelda alikuwa kitaluni, akiinyweshea miche kwa mpira wa maji, huku jicho moja likiwa shambani. Ndipo akaona dawa imeacha kutoka. Osea akafungua pua ya bomba iliyoziba, akaiweka mdomoni, akaipuliza. Ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo majirani wote wanavyofanya, na ningekuwa na uwezo ningewachapa wote viboko, wazee kwa vijana.

"Baba Witness! Utakufa!" Imelda alipiga kelele.

Osea akajifuta mdomo kwa bega lililolowa, akacheka, akaendelea na mstari wa pili.

Hakuumaliza. Mate yalianza kumtoka kama ya mtoto anayeota meno, jasho likamtiririka, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Misuli ya mikono ikawa inachezacheza yenyewe. Alipotaka kusema, sauti ilizama ndani ya povu. Imelda alimpakia kwenye pikipiki, yeye nyuma, Osea katikati, dereva mbele, akamkumbatia njia nzima ya mashimo mpaka kituo cha afya. Safari hiyo hakufumba macho. Kutoka hapo wakapewa gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa, na njiani kifua cha Osea kikaanza kusahau kazi yake. Kinapanda, kinangoja. Kinapanda, kinangoja zaidi. Imelda alikuwa anapumua kwa nguvu mbele yake, akidhani labda ataiga.

Hospitalini wakamchukua mikononi mwake, mlango ukafungwa.

Habari za sumu zina miguu mirefu. Kabla jua halijatua, Ihanda nzima ilishajua kwamba Osea amekunywa dawa ya kahawa, na kwamba mtu mzima hanywi dawa bila sababu, na sababu ya mwanamume siku zote iko nyumbani kwake. Kesho yake Ruti akafika na kikapu chake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuwatoa panya darini. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akauelekea ukuta, akasema:

"Ndugu yangu hakuwa na sababu ya kunywa sumu. Labda kama yupo aliyemnywesha."

Ukuta haukujibu. Imelda alijua maneno hayakuwa ya ukuta. Alieleza habari ya bomba mara nyingi, kwa daktari, kwa polisi, kwa wakwe. Waliandika tu. Alibaki ameshika mdomo wake kwa kitenge, akiogopa mambo mawili: mumewe kufa, na watu kusema yeye ndiye aliyemuua.

Siku kadhaa zilipita ndipo alipoitwa kuingia chumba cha wagonjwa mahututi. Walikuwa wanaruhusu ndugu mmoja mmoja, saa ya alasiri. Muuguzi aliyempokea aliitwa Alinanuswe, binti mpole mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimvalisha joho la hospitali, akamwosha mikono, akampeleka kitandani.

Imelda alimwona mumewe, akasimama.

Mdomoni mwa Osea kulikuwa na mpira, unene wa kidole, umefungwa kwa plasta mashavuni. Ulitoka humo ukaunganishwa na mabomba ya mashine, na mashine ndiyo iliyokuwa inapumua. Ikisukuma, kifua kinapanda. Ikiachia, kinashuka. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kidogo upande wa kifua, lakini chini ya kichwa hapakuwa na mto. Palikuwa na taulo tu, na shingo ilikuwa imenyooka.

Hapo ndipo moyo ulipomshuka Imelda mpaka magotini. Alilelewa na bibi yake, Atupele, na bibi huyo alikuwa na sheria chache zisizojadiliwa. Mojawapo ilikuwa hii: mgonjwa hanyang'anywi mto. Anayeondolewa mto ni maiti, ili shingo inyooke kabla mwili haujakauka. Bibi mwenyewe alikuwa akiitwa kila nyumba yenye msiba kunyoosha marehemu, na kitu cha kwanza alichokifanya, kabla ya macho, kabla ya kidevu, ni kuuvuta mto na kumpa mtu autoe nje. Imelda akiwa mtoto ndiye aliyepewa.

"Sista," alisema kwa sauti ndogo, "mto wake uko wapi?"

Alinanuswe alikuwa anabadilisha dripu ya kitanda cha jirani. Alijibu bila kugeuka, kwa wema kabisa: "Huyu hahitaji mto, mama. Wewe mshike mkono, ongea naye."

Hahitaji mto. Imelda alilisikia neno hilo kama hukumu inayosomwa. Nani asiyehitaji mto? Wameshamnyoosha, aliwaza. Wanajua haponi, wameanza mapema ili wasipate taabu, na mashine hii ni ya kutudanganya sisi watu wa shamba. Alimwangalia muuguzi, yuko na shughuli zake. Alivua kitenge alichojifunga chini ya joho, akakikunja mara mbili, mara nne, akakifanya kipande kinene. Akainua kile kichwa kizito kwa kiganja kimoja, na kwa kingine akakisukuma kitenge chini ya taulo. Kidevu cha Osea kikainama kuelekea kifuani. Sasa alionekana kama mtu aliyelala. Imelda akavuta pumzi. Alimshika mkono, akamnong'oneza, "Mto wako huu hapa. Usikubali."

Mashine ikapiga kengele.

Ilikuwa kengele kali, ya kuchoma masikio. Kifua cha Osea kilipanda nusu kikasimama. Mashine ikasukuma tena, kengele ikalia tena. Alinanuswe aliruka, akaupapasa mpira kutoka mdomoni mpaka kwenye mashine, akaita, "Dokta Ferdinand!" Kisha akamgeukia Imelda, "Mama, toka nje kwanza. Toka!"

Alitoka kinyumenyume. Mlango ulikuwa na kioo kidogo, akaganda hapo. Ruti aliinuka kwenye benchi akaja kusimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba Imelda alisikia pumzi zake shingoni.

"Umefanya nini humo?" Ruti aliuliza.

Imelda aliendelea kutazama ndani.

Ndani, daktari, kijana mnene ambaye viatu vyake viligonga sakafu, alimchomoa Osea kwenye mashine. Alinanuswe akashika mfuko wa kumpumulia mgonjwa kwa mkono, akaukamua. Mfuko ukagoma. Akaukamua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Haubonyei, Dokta. Mgumu kama jiwe."

"Makohozi?"

Alinanuswe akaingiza kamrija ka kufyonza. "Hakapiti. Kanafika nyuma ya ulimi, kanakwama."

"Basi mpira umejikunja mahali."

"Huku nje umenyooka."

"Andaa mwingine. Tunautoa huu."

"Dokta, koo lilivyovimba..."

"Najua lilivyovimba! Andaa."

Imelda hakuelewa mengi katika hayo, lakini neno moja alilijua. Mpira. Alikuwa na mpira wake kitaluni, wa maji, na alizijua tabia zake zote. Asubuhi ya baridi ni mgumu, unaubishia. Jua likipanda unalainika kama ugali wa moto, na ukiupitisha juu ya tuta unavunjika kona, maji yanakatika, na wewe unahangaika na bomba huku ubaya uko tutani. Tuta. Aliiona kona ile, ndani ya koo la mumewe, na chini yake akaliona tuta alilolijenga kwa mkono wake mwenyewe, la kitenge chenye maua ya njano.

Nitasema ukweli wote, maana mwenyewe hakuuficha. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la kusema. Lilikuwa la kunyamaza. Wataweka mpira mwingine, aliwaza, nitaingia baadaye nikichomoe kitenge changu, na hakuna atakayejua. Akisema, Ruti yuko nyuma yake anasikia. Akisema, yale ya benchini yanakuwa kweli: kama hakumuua kwa dawa, amemuua kwa mto. Wataichukua nyumba, watalichukua na shamba, na Ihanda yote itamwita jina hilo mpaka kaburini. Kupitia kile kioo akaziona kucha za Osea. Zilikuwa zinageuka rangi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Imelda akausukuma mlango kwa mwili mzima.

"Kitenge!" alipiga ukelele uliowasimamisha wote. "Nimemwekea mto! Mimi! Kiko chini ya taulo, chini ya kichwa, kitoeni!"

Alinanuswe alipeleka mkono, akakipata, akakivuta kikatoka chote na maua yake. Dokta Ferdinand alishika kichwa cha Osea kwa mikono miwili, akakirudisha nyuma taratibu, shingo ikanyooka. "Kamua," alisema. Mfuko ukakaza kidogo, kisha ukaachia. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Kengele zikanyamaza moja baada ya nyingine, na katika ukimya ule Imelda alikaa chini sakafuni.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Daktari alipomaliza, alivuta kigoda akakaa karibu naye palepale chini ya dirisha.

"Mama, mpira huu ukitoka kwenye pakiti una ugumu wake," alisema. "Ukikaa kooni, joto la mwili linaulainisha kila siku kidogo. Shingo ikiwa imenyooka, hauna neno. Ukimwinamisha mgonjwa, unavunjika kule nyuma ya ulimi, tusikoona."

"Hakuna usiojikunja?"

"Upo wenye waya ndani, kama springi. Huo haujikunji ovyo. Ila mgonjwa akiubana na meno, unabonyea na haurudi, na pumzi inakatika moja kwa moja. Huu wetu ukinyooshwa unarudi." Akasita. "Unarudi, lakini si kama mpya. Pale palipovunjika pana alama sasa."

"Pakijikunja tena, ni palepale," Imelda alisema.

"Ni palepale."

"Si muutoe basi, Dokta?"

"Koo limevimba. Nikiutoa huu leo, sina hakika kama mwingine utapita. Tusubiri uvimbe upungue. Mpaka hapo, tumnyooshe shingo na tumwombe Mungu."

Tumnyooshe. Imelda alikubali kwa kichwa, akaikumbuka mikono ya bibi yake.

Alipotoka, Ruti alikuwa amerudi kwenye benchi. Amesikia yote, mlango ulikuwa wazi. Imelda alisimama mbele yake kama mtu anayengoja fimbo.

"Wifi," alisema.

Ruti hakuinua macho. "Ungenyamaza nisingejua."

"Najua."

"Umesema mwenyewe, mimi nikiwa hapa."

"Nimesema."

Ruti akavuta kikapu chake kutoka chini ya benchi, akafunua kitambaa. Juu ya chupa ya uji palikuwa na kanga, imekunjwa mara mbili, mara nne, imekuwa kipande kinene.

"Nilipochungulia kwenye kioo juzi, nikamwona hana mto," Ruti alisema, na ile sauti ya kutoa panya darini ilikuwa imepotea kabisa. "Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Akasogea. Imelda akakaa. Wakanywa uji kwa kikombe kimoja, wanapokezana.

Siku zilizofuata zilikuwa za kengele. Simu ya mtu ikilia ukumbini, Imelda anaruka. Mlango ukilia bawaba, anaruka. Ndani, walimwekea Osea taulo zilizoviringishwa kulia na kushoto mwa kichwa, na kila walipomgeuza Alinanuswe alikishika kichwa mwenyewe, kana kwamba ni yai. Mara mbili mashine ililia tena, na mara zote mbili Imelda alitazama mikono yake kwanza kuona kama imegusa kitu. Siku Osea alipoanza kuzinduka ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana aliamka kwa hasira, akaubana mpira kwa meno, kifua kikasimama. Alinanuswe akamchomeka bandeji iliyoviringishwa kati ya meno, akamwambia Imelda, "Ongea naye, mama. Sauti yako anaijua." Imelda aliongea kwa Kinyiha, lugha ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili Osea alikuwa akikitumia ofisini na mnadani, na huku haikuwa mnadani. Alimwambia aachie meno. Alimwambia kwamba anaogopa, anaogopa sana, na kwamba safari hii asimcheke. Meno yakalegea.

Tangu siku hizo, Alinanuswe alibadilisha usemi wake. Ndugu wa mgonjwa yeyote wakimuuliza habari ya mto, hakusema tena kwamba huyu hahitaji. Alisema, "Mto wake upo, tunamtunzia."

Uvimbe ulipungua, nguvu za kifua zikarudi, mpira ukatolewa. Osea akahamishiwa wodi ya kawaida, amekonda, sauti imekwaruzika kama ya jogoo anayejifunza. Ruti alileta mto kutoka nyumbani, ule wa Osea mwenyewe, wa pamba ya zamani, akampa Imelda, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Imelda alisimama nao kifuani, haendi mbele wala nyuma.

"Mama Witness," Osea alikwaruza. "Mbona mmenilaza kama maiti? Nipe mto."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mto ulitaka kukuua," Imelda alisema. "Kitenge changu. Nilikuwekea kichwani ukiwa na ule mpira, ukajikunja, pumzi ikakatika. Si mtu mwingine. Ni mimi." Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote ilikuwa imeshika mto.

Osea alimtazama. Alimtazama dada yake, ambaye bado alikuwa anatafuta kitu kikapuni. Alipofumbua kinywa, Imelda alijiandaa kwa kicheko, au kwa neno baya kuliko kicheko.

Osea alikifumba tena. Alikaza shingo ile nyembamba, akainua kichwa chake mwenyewe kutoka kitandani, kikawa kinatetemeka hewani kwa uzito. Akakishikilia hapo, akimngoja.

Imelda aliuweka mto. Kichwa kikashuka. Akainama, akatega sikio karibu na mdomo wake, akasikiliza pumzi ikitoka, ikiingia, ikitoka. Mkono wake mmoja ulikuwa umebaki chini, kati ya mto na shingo, na hakuutoa mpaka mumewe alipopitiwa na usingizi.